Tushone Nguo ya Mwili Tulionao Leo



Kuna maneno tunayoyasikia karibu kila siku hapa kibandani kwetu. Mteja anaingia na kitambaa chake alichokinunua Darajani au Mchangani. Tunamkaribisha, tunachukua futi, tunampima bega, kifua, kiuno na nyonga. Kabla hatujaandika kitu kwenye daftari, anainama kuangalia namba, kisha anasema kwa sauti ya chini: "Hapo kiunoni punguza inchi mbili. Mpaka Sikukuu nitakuwa nimeshapungua."

Sisi ni mafundi watatu, sote wanawake, sote tumeshavuka miaka thelathini. Tulikutana kwenye kozi ya ushonaji baada ya kumaliza skuli, tukakodi chumba kimoja, tukaanza na cherehani mbili za miguu. Leo tuna cherehani nne, mbili kati yake za umeme, na ovaloki moja. Udaktari hatukusomea, na dini tumeisoma chuoni kama watoto wenzetu wa mtaani. Lakini kazi hii imetuweka karibu na miili ya wanawake wenzetu kwa zaidi ya miaka kumi, na kuna jambo tumeliona ambalo tunataka kulisema wazi.

Tunaisema vibaya miili yetu. Mtu akisimama mbele ya kioo cha kibandani, neno la kwanza kutoka mdomoni ni la kujitia ila. "Tumbo hili, mama yangu!" "Mikono yangu kama ya kuli." "Mimi sina umbo, nifiche tu." Hatujawahi kumsikia mwanamke akisimama pale akasema, "Alhamdulillah, miguu hii imenibeba mwaka mzima." Hata sisi wenyewe hatukuwa tukisema hivyo. Na mambo haya tulikuwa tukiyachukulia kuwa mzaha wa kike tu, mpaka yalipotufika.

Nguo ya mwili ambao haupo

Tuanze na hiyo inchi mbili. Kwa miaka mingi mteja akisema tupunguze, tulikuwa tunapunguza. Mteja ndiye mwenye kitambaa na ndiye mwenye pesa. Tunakata kiuno cha mtu ambaye bado hajazaliwa, halafu tunasubiri.

Siku ya mwezi kuandama, saa tatu za usiku, mlango unagongwa. Zipu haifungi. Mteja ameshaoga, ameshapaka hina, watoto wameshajaribu nguo zao, na yeye anasimama katikati ya chumba huku gauni limemkaba mbavu. Tunaanza kufumua. Mara nyingi ndani ya mshono hakuna kitambaa cha kutosha kupanulia, kwa sababu tulikata kama tulivyoambiwa. Basi tunatia kipande cha ubavuni, rangi inakaribia tu kufanana, na asubuhi ya Sikukuu dada wa watu anakwenda kusali akiwa ameshusha mtandio mpaka kiunoni kuficha kiraka.

Kosa tulikuwa tunamtupia yeye. "Si alisema atapungua?" Siku hizi tunaona kosa lilikuwa letu sote. Yeye aliuonea haya mwili aliokuja nao, na sisi tukamuunga mkono kwa mkasi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyesema, "Dada, tushone nguo ya leo. Ukipungua, kupunguza ni kazi ya dakika kumi."

Mfano huu wa nguo ni mdogo. Lakini angalieni ni mambo mangapi tunayaahirisha kwa sababu mwili wa leo haututoshi. Kuna mtu hataki kupigwa picha na wanawe mpaka apungue. Kuna anayesusa harusi ya ndugu yake kwa kuwa alijifungua karibuni na hataki watu wamwone alivyonenepa. Kuna asiyekwenda kuogelea pwani na wenzake, na pwani iko mwendo wa dakika tano kutoka kwake. Maisha yanakaa kabatini yakisubiri mwili mwingine.

Yaliyotupata na daftari letu

Sasa tuseme lile lililotufanya tuandike.

Tuna mteja, mama wa watoto watatu, tumemshonea tangu gauni la harusi yake. Jina lake tunalihifadhi, na yeye ametupa ruhusa ya kuyasimulia haya. Mwaka mmoja, Mfunguo Tatu, tulimpima kwa ajili ya Sikukuu ya Hijja. Kiuno kilikuwa inchi 40. Alirudi Mfunguo Sita, anataka nguo ya maulidi. Futi ikasoma 35.

Tulipiga vigelegele, wallahi. "Mashaallah! Umependeza! Tupe siri!" Mmoja wetu akamgeuza mbele ya kioo ili ajione nyuma. Akacheka, akasema hana siri yoyote, yeye anakula kama kawaida. Tukamwambia anatubania.

Siku hiyo alikuja na chupa kubwa ya maji, akaimaliza akiwa amesimama. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni mara mbili katika muda wa kupimwa nguo moja. Alisema macho yanamfanya ukungu kidogo, labda kwa ajili ya jua. Yote hayo tuliyaona na kuyasikia. Tulichomwambia ni kwamba amependeza.

Nguo ilipokuwa tayari hakuja kuichukua. Baada ya siku kumi alikuja dada yake. Akatwambia amelazwa, sukari imepanda sana, alianguka jikoni akaokotwa na mtoto wake wa skuli.

Alhamdulillah, alipona akarudi nyumbani, na mpaka leo anatumia dawa zake na anaendelea vizuri. Alipokuja kibandani kuchukua nguo yake tulimwomba radhi, kwa sababu hatukuwa tukilala vizuri. Akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Msijilaumu peke yenu. Kila nilipofikiria kwenda hospitali, nilikutana na mtu ananiambia nimependeza. Nikajiambia, maradhi gani haya yanayonipendezesha?"

Hapo ndipo tulipojua kwamba sifa zetu nazo zinaweza kumchelewesha mtu. Tumezoea kudhani mwili ukipungua ni habari njema na ukinenepa ni habari mbaya, hatuulizi sababu. Mwili ule ulikuwa unapiga kelele kwa kiu, kwa mkojo, kwa uchovu, kwa macho na kwa kilo zinazokatika. Sisi tulisikia habari ya kiuno tu.

Dada zetu, dalili hizo zishikeni: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, kupungua bila kukusudia, uchovu usioeleweka, macho kuona ukungu. Ukiziona kwako au kwa mwenzako, nendeni mkapime. Kipimo cha sukari ni tone la damu la kidoleni na jibu halichelewi. Na presha ndiyo haina hodi kabisa. Mtu anaweza kukaa nayo muda mrefu na asijihisi chochote, basi ipimwe hata kama mtu yuko mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwili huu tumeazimwa

Wapo watakaosema mambo ya mwili ni ya dunia, na mwanamke wa imani atazame roho yake. Tunaheshimu nia yao, lakini hatukubaliani nao, na hoja yetu tunaitoa katika yale yale tuliyofundishwa chuoni.

Katika Suratut-Tin tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu amemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora kabisa. Sura hii tunaihifadhi tungali wadogo, tunaisoma kwenye sala zetu. Kisha tunasimama mbele ya kioo na kusema tumeumbwa vibaya. Hatutaki kumtia mtu khofu, lakini hebu tujiulize, tunapokitukana kitu, tunamsema nani kama si aliyekitengeneza? Mteja akilisema vibaya gauni tulilolishona kwa mikono yetu, moyo unauma. Na sisi ni mafundi wa nguo tu.

Tena kuna kisa cha Salman na Abu Dardaa, Mwenyezi Mungu awawie radhi, ambacho masheikh wetu wanakisimulia. Salman alikwenda kumtembelea ndugu yake, akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amejiachia na nguo zake zimechakaa. Alipomuuliza kulikoni, akaambiwa mumewe hana tena haja na dunia. Abu Dardaa mchana alikuwa akifunga na usiku akisimama kusali. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, na usiku akamwambia alale. Ilipofika mwisho wa usiku wakaamka wakasali pamoja. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, basi kila mwenye haki ampe haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), akasema Salman amesema kweli. Na Abdullah bin Amr, aliyekuwa akijichosha kwa saumu za kila siku na sala za usiku kucha, Mtume alimkumbusha kwamba hata mwili wake na macho yake vina haki juu yake.

Tazameni basi. Watu hawa walikuwa wanaichosha miili yao kwa ibada, na bado wakazuiwa kuvuka mpaka. Sisi tunaichosha kwa ajili ya zipu.

Na kuna mafundisho mengine yanayotugusa sisi mafundi zaidi. Tumefundishwa kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na kila asubuhi kila kiungo kina sadaka yake. Neno jema ni sadaka, tasbihi ni sadaka, kuondoa kitu chenye madhara njiani ni sadaka, na rakaa mbili za dhuha zinatosheleza yote hayo. Fundi cherehani anajua kiungo ni nini. Kidole gumba kikipata jeraha, kutia uzi kwenye sindano kunakuwa safari. Kifundo cha mguu kikivimba, cherehani ya miguu inalala. Tangu tulipoyaweka hayo moyoni, dhuha tunaisali kwa zamu nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na tunapotawadha hatukimbii tena. Tunaosha uso, mikono, tunapaka maji kichwani, tunaosha miguu, na kwa kila kiungo tunakumbuka kimetufanyia nini jana. Udhu tunautia mara tano kwa siku, na tulikuwa tukiutia miaka yote hiyo pasi na kusema asante.

Mikono ya mwani

Kuna mteja wetu mwengine anatoka upande wa kusini-mashariki, anakuja mjini mara moja kwa miezi miwili. Kazi yake ni mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza huko Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo wanaoshika kamba na vigingi wengi wao ni wanawake. Maji yakitoka wanashuka pwani, wanainama kwa masaa kufunga vipande vya mwani kwenye kamba, chumvi inawakata vidole, jua linawachoma mabega na nyuso. Mwani ukikomaa wanaubeba ukiwa mbichi, na mwani mbichi ni mzito kwelikweli.

Alitaka gauni la kwenda kumuoza mwanawe wa kike. Akasema mikono ya nguo iwe mirefu mpaka vidoleni, kwa sababu mikono yake ni mibaya na mashoga wa mjini watamcheka. Akatuuliza kwa siri wapi atapata krimu ya kung'arisha uso na mikono kabla ya wiki mbili.

Tukamuuliza, harusi hii nani anailipia? Akasema ni yeye, kwa fedha za mwani. Nyumba wanayokaa je? Mwani na ng'ombe mmoja. Mtoto alisoma kwa nini? Mwani. Tukaishika mikono yake, tukamwambia hii mikono ndiyo iliyojenga, sasa unataka kuificha siku ya kufurahia matunda yake? Alilia kidogo, na sisi tukalia.

Kuhusu krimu tulimwambia ukweli, na tunausema hapa kwa kila dada. Mkorogo hauna huruma. Baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zina zebaki, na Shirika la Afya Duniani limeshaonya kwamba zebaki hiyo inapita kwenye ngozi na kudhuru figo, na mjamzito anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ngozi iliyopewa na Muumba ili itukinge na jua, tunaichuna kisha tunatoka nayo kwenye jua hili hili la Unguja. Ni sawa na mtu kuezua bati la nyumba yake masika yakiwa mlangoni.

Tulimtengenezea singo. Bibi zetu walikuwa na liwa, singo, asumini, mawaridi, mafuta ya nazi na udi. Vitu hivi vinaituliza na kuinukisha ngozi bila kuitaka iwe ya mtu mwengine. Alisingwa, akapakwa hina mpaka kwenye viganja vyenye sugu, na ile hina, mashaallah, ilikoza vizuri ajabu. Mikono ya gauni tuliishona ikaishia kwenye kifundo cha mkono, kama stara inavyotaka, na vidole vikabaki nje vinaonekana.

Bibi zetu walijua na jambo jengine. Mwanamke akijifungua, alikuwa akikaa siku arobaini, anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja, anapikiwa uji wa pilipili manga, wenzake wanambeba mtoto alale. Mwili uliofanya kazi kubwa ulikuwa unapewa likizo na heshima. Leo dada anajifungua, siku ya ishirini anatuletea magauni yake ya zamani na kuuliza kwa nini hayamtoshi. Mwili umetoka kumtengeneza mtu mzima mwenye kucha na kope, halafu tunaudai kiuno ndani ya wiki tatu.

Na sisi je?

Mchongoma mrefu hatuwezi kuwapandisha wenzetu peke yao. Tuseme na yetu.

Kumi la mwisho la Ramadhani ndilo msimu wetu. Tulikuwa tunakaa kwenye cherehani tangu baada ya alfajiri, tunafuturu kwa kachori mbili tukiwa tumesimama, tunarudi kukaa mpaka daku. Maji tulikuwa hatunywi usiku ili tusipoteze muda wa kwenda chooni, na haja ndogo tulikuwa tunaibana mpaka nguo imalizike. Mmoja wetu alipata maradhi ya njia ya mkojo misimu miwili mfululizo. Mwengine mgongo ulimshika akaswali Idd amekaa kwenye kiti, akiwa na miaka 34. Watu wote mtaani walivaa nguo mpya tulizozishona, na sisi tulikuwa tumelala tumejipaka dawa ya kuchua.

Na tulikuwa tunajisifu! "Sisi wavumilivu." Uvumilivu ni jambo kubwa katika dini yetu, lakini kuubana mkojo kwa ajili ya oda ya mtu hatudhani kama ndio uvumilivu tuliofundishwa. Mwenyezi Mungu mwenyewe amempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku nyengine. Ikiwa Muumba ameuhurumia mwili katika nguzo ya dini, sisi ni nani hata tuunyime maji usiku kwa ajili ya deraa?

Mambo tuliyoyabadilisha si makubwa. Oda za Sikukuu tunafunga kupokea ikifika nusu ya Ramadhani, na atakayekasirika tunamwomba radhi. Viti vyetu tumeviongeza mito ili mgongo unyooke. Kila baada ya saa moja mmoja anapiga makofi na sote tunanyanyuka, tunajinyoosha, tunaangalia nje ya dirisha kupumzisha macho. Baada ya futari kila mmoja ana chupa yake ya maji na lazima iishe kabla ya daku. Msimu wa kwanza tulipata pesa pungufu, hatutaficha. Lakini hakuna aliyelala kitandani siku ya Idd, na pesa za dawa zilibaki mfukoni.

Wanaotupinga

Tuliposema haya mbele ya wenzetu, mama mmoja mtu mzima alituuliza: "Sasa mnawafundisha watu wale tu, wanenepe, waseme alhamdulillah?" Swali lake ni zuri.

Mtu aliyeazimwa kitu cha thamani hakitukani, lakini pia hakiachi mvuani. Kushukuru kwa mwili hakumaanishi kuumwagia soda na chapati tano kila usiku. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu tumbo tunayajua, theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Anayetaka kupungua kwa sababu magoti yanamuuma au daktari amemshauri, apungue, na sisi tutamwombea dua na kumpunguzia nguo bure. Tunachokikataa ni kupungua kwa chuki. Tumewaona wengi. Anayeuchukia mwili wake anaushindisha njaa siku tatu, siku ya nne anakula chakula cha siku tano, ya sita ananunua chai ya kukondesha ambayo hata maandishi yake hawezi kuyasoma. Anayeupenda anatembea na wenzake jioni, anapunguza sukari kwenye chai kijiko kimoja kimoja, analala mapema, na anakwenda kupima. Mwili haujengwi kwa mbao.

Wengine wanasema kuushukuru mwili ni kujiona. Hatuoni hivyo. Mwenye kibri anasema, "Nimejifanya mwenyewe." Mwenye kushukuru anasema, "Nimepewa." Na mwenye kujua kwamba amepewa ni vigumu kumcheka aliyepewa vyengine.

Tunachokuomba, shoga

Hapa kibandani tuna kanuni tatu sasa. Namba za vipimo hatuzitaji kwa sauti, tunaziandika kimya na daftari tunalifunga. Hatumwambii mtu amenenepa wala amekonda. Tukimwona amebadilika sana, tunamuuliza, "Hujambo lakini? Afya yako inaendeleaje?" kisha tunanyamaza tumsikilize. Na kila nguo tunaishona kwa mwili wa leo, ndani ya mshono tunaacha kitambaa cha akiba, kwa sababu mwili wa mwanamke unatembea. Unabeba mimba, unanyonyesha, unaugua, unapona, unazeeka. Nguo nzuri inampa nafasi.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, tunakuomba mambo machache kwa wiki hii. Leo ukitawadha, nenda taratibu, na kila kiungo ukikumbuke kwa wema wake mmoja. Ukisimama mbele ya kioo na neno baya likikujia, jiulize kama ungelimwambia dada yako. Mtoto wako wa kike anasikiliza unavyouzungumza mwili wako, na yeye ana mwili huo huo kwa udogo. Ukimwona shoga yako amepungua ghafla, kabla ya vigelegele muulize hali. Na kama kuna pahala panakuuma tangu Mfunguo Mosi na umekuwa ukisema "nitakwenda," basi nenda. Ukikosa wa kukusindikiza, mchukue jirani.

Yule mteja wetu wa inchi 40 alikuja tena mwezi uliopita. Tulimpima kimya kimya tukafunga daftari. Alipomaliza kuvaa mtandio wake akatuuliza, "Hamniambii nimekuwa wa ngapi?" Tukamwambia, "Umekuwa mzima." Akacheka sana, akatutaka tumshonee deraa la kitambaa cha rangi ya machungwa, liwe pana, maana anataka kulivaa huku anacheza na wajukuu watakapokuja.

Ewe Mola, tujaalie kuwa miongoni mwa wenye kukushukuru kwa miili uliyotupa, utupe afya ya kukuabudu na huruma ya kujitendea sisi na wenzetu. Wagonjwa wetu wape shifaa, na waliotutangulia warehemu. Amin.